Muuaji alikuwa ndani ya ndoo

Jamani kupima afya ya mto kwa wadudu ni kazi tamu sana, mpaka ndoo aishike mtu asiyejua nani anamla nani.

Kwa ambao hamjaizoea hii kitu, maji unaweza kuyapima kwa dawa za maabara sawa, ila kipimo kinakusomea maji ya saa ile tu, mtu akimwaga uchafu usiku asubuhi yake umeshateremka zamani na kipimo kinasema poa kabisa. Wadudu wao wameshinda humo na kulala humo, wapo wanaodeka, maji yakichafuka kidogo tu washakufa, na wapo sugu kama vile viminyoo vyekundu vya kwenye tope ambavyo damu yao inakamata oksijeni hata ikiwa kiduchu. Mfumo wa SASS wa Afrika Kusini unampa kila mmoja pointi za familia yake, yule tunutu anayedeka wa mikia miwili anabeba 12, mnyoo wa tope anaambulia 1, ruba 3, halafu unajumlisha na kugawa kwa idadi ya familia ulizokuta, jibu likiwa kubwa mto una afya.

Basi siku hiyo tumeingia mtoni na gambuti, mi nimeshika wavu, mwenzangu kasimama upande maji yanakotokea anapiga mateke mawe ili wadudu wang'oke waje na maji, ukituona kutoka ng'ambo unajua kabisa hawa wamepagawa. Tukapata mzigo wa maana, wale wa mikia mitatu, nao wadekaji, wamejaa trei, matamvua yao ya kupumulia yanatikisika ubavuni huko, mzee wetu mtaalamu anachekelea tu.

Mvua ikashuka bila hodi.

Kila mtu mbio, dogo mmoja tuliyekuwa naye kwa roho safi kabisa akamimina trei zote kwenye ndoo moja akafunika, na kule alikokuwa akichokoachokoa kwenye majani alikuwa kaokota watoto wa kereng'ende, manene hayo, nao akawatia humohumo "wasibaki peke yao". Tukajibanza chini ya turubai tukapiga stori weee mpaka mvua ilipokata.

Mzee kufunua ndoo, kimya. Ruba yupo, viminyoo vichache vipo, wa mikia mitatu hakuna hata wa dawa. Akavua kofia. "Vijana, huu mto unaumwa." Kalamu mkononi, kaanza na kuandika, na mi namwangalia tu maana asubuhi niliwaona kwa macho yangu wamejaa!

Nikainama. Kwenye kona ya ndoo bonge la kereng'ende limetulia linatafuna taratibu, mikia mitatu inaning'inia mdomoni kama tambi. Hawa viumbe mdomo wao wa chini umekunjwa chini ya uso, una kulabu mbele, unafyatuka unamkamata mtu kabla hajajua kinachoendelea, na ukiwagusa wanarusha maji kwa nyuma wanachomoka kama roketi. Nikamwambia, "Mzee, mto mzima wa afya, wagonjwa wameliwa."

Hapo ndo ubishi ukaanza. Mwenzangu anasema aliye mdomoni hahesabiki huyo ni marehemu, mi nasema kafia ndani ya sampuli yetu, ni wetu. Mzee akavaa miwani akasogeza uso mpaka pua ikagusa maji, akahesabu mikia, moja, mbili, tatu.

"Andika, yupo."

Na muuaji naye ilibidi aandikwe, tena familia yake ni pointi 8, kaua halafu kapewa alama nzuri kuliko ruba wa watu aliyetulia zake bila kesi.

Dogo akauliza, "Shikamoo mzee, na walioko tumboni je?"

Akatumwa kuosha wavu.