Mashine ya kukata nyasi ya kusukuma kwa mkono yatosha kwa bustani ndogo

Nyumba tunayopanga hapa Gloucester, magharibi mwa Uingereza, ina kipande cha nyasi uani chenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 8, na mkataba unasema wazi kwamba mpangaji ndiye atakayezikata. Kwetu Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, sikuwahi kumwona mtu akikata nyasi kwa ajili tu ya kuzifanya ziwe fupi. Nyasi ni chakula cha ng'ombe wanaofugwa bandani, na mama zetu walizifuata tambarare, wakazikata kwa mundu, kisha wakapanda nazo mlimani mzigo ukiwa kichwani. Hapa hukatwa karibu kila wiki kuanzia majira ya kuchipua, halafu halmashauri nyingi humtoza mwenye nyumba ada ya mwaka ili gari lije kuzichukua. Miaka inapita, na jambo hilo bado linaniuma.

Nilipomweleza Mtanzania mwenzangu kwamba nimenunua mashine ya kukata nyasi isiyo na injini wala waya wa umeme, alinihurumia kwa dhati. "Dada," aliniambia, "tumefyeka tangu shule ya msingi, na fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ilitutaka twende na fyekeo. Kwa nini uendelee kuhangaika huku umeme upo?" Namwelewa, kwa sababu nasi tulifundishwa kuona kwamba maendeleo ni kuachana na kazi ya mikono. Hata hivyo naamini kwamba kwa eneo dogo kama langu amekosea, na kwamba anailinganisha mashine hii na fyekeo ilhali hazifanani hata kidogo katika utendaji.

Fyekeo hukata kwa nguvu ya kupiga, na mashine nyingi za umeme au petroli za nyumbani hufanya vivyo hivyo: kisu kimoja huzunguka kwa kasi na kuupiga unyasi, na kikiwa butu huuchana, ndiyo maana siku chache baadaye ncha huweza kugeuka rangi ya kahawia. Mashine ya kusukuma hukata kama mkasi. Magurudumu yanapozunguka huzungusha silinda yenye visu vilivyopinda, kwa kawaida vitano, navyo huubana unyasi dhidi ya kisu cha chini kisichosogea. Aliyebuni utaratibu huo ni Edwin Budding, fundi wa Stroud, mji ulio karibu sana na hapa nilipo, ambaye mwaka 1830 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, baada ya kuona mashine iliyokuwa ikikata manyoya ya juu ya vitambaa vya sufu viwandani. Hadi leo viwanja vya tenisi vya Wimbledon, ambako nyasi hukatwa hadi milimita 8, hukatwa kwa visu vya silinda.

Kwangu upana wa kukata ni sentimita 38. Kwa kupishanisha mistari kidogo, natembea kama safari ishirini za mita nane, kazi ya robo saa, na mtoto wa jirani anaendelea kulala. Mwenye bustani yenye kona nyingi na achukue ya sentimita 30. Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni kimo cha kukatia: ziko mashine zisizopanda juu ya sentimita 4, nazo hazimfai mwenye nyasi zinazopendelea kuachwa ndefu au zinazokua kivulini. Angalia pia mahali magurudumu yalipo. Yakiwa pembeni, huwezi kukata hadi ukingoni mwa tuta la maua kwa sababu gurudumu moja hutumbukia. Mashine yenye roli nyuma, yaani gogo linaloviringika, hupita vizuri zaidi, ingawa ni nzito.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha karatasi. Kiingize kati ya silinda na kisu cha chini, uizungushe silinda polepole, vidole vikiwa mbali, kisha urudie sehemu mbalimbali za urefu wa kisu. Karatasi isipokatika sawasawa, skrubu za pande mbili zinahitaji kurekebishwa, au visu ni butu. Mtu aliyelelewa akinoa mundu kwenye jiwe hatapata taabu kujifunza hili.

Mashine hii haisamehe uzembe, na hilo lazima niliseme. Mwaka mmoja nilikwenda nyumbani wiki tatu mwezi Juni, na niliporudi nyasi zilikuwa zimefika magotini. Silinda ilizilaza chini, ikapita juu yake, na kila kijiti kilichoanguka kutoka kwenye mti wa jirani kiliikwamisha. Ilinibidi ninunue mundu, niiname, nikate kama nilivyofundishwa na mama, ndipo mashine iweze kufuata. Tangu hapo nikisafiri namwomba mtu anikatie, kwa sababu kanuni ya kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja ina uzito kweli. Vipande vinavyobaki huwa vifupi kiasi kwamba naviacha palepale vioze na kurutubisha udongo, nami sina haja tena ya kulipia gari la halmashauri.

Kaka yangu aliyeko Moshi ameotesha ukoka mbele ya nyumba yake na ameniuliza kama mashine ya namna hii itamfaa. Ukoka huvumilia kukatwa chini sana na hupendeza ukikatwa kwa silinda, kwa hiyo nimemjibu kwamba itamfaa, ila kwanza aokote mawe yote na kusawazisha mabonde, kwa kuwa jiwe moja linatosha kutoboa pengo kwenye kisu cha chini. Akimaliza atanitumia picha, nami nitampelekea mashine Desemba.