Kile Kiharusi cha Jumamosi, Nisikieni na Mimi

Ile sauti aliyoirekodi shemeji na kuisambaza, kwamba nilipata kiharusi mgahawani, mmeshaisikia. Najua mmeisikia, kwa sababu leo alfajiri kanipigia mtu wa Kigoma ambaye mara ya mwisho tulisalimiana msibani, anauliza kama mkono wa kushoto umeanza kushika. Mkono haukwenda popote, jamani. Na pale shemeji anaposema niliomba mchungaji, ni uzushi. Niliomba maji. Ulimi ndio ulikuwa umegoma.

Kwa mlio mbali: tuko Bowling Green, Kentucky, huku Marekani, mji wenye watu elfu sabini na kitu, saa moja hivi kwa gari kutoka Nashville. Wengine wanaujua kwa Corvette, gari linaloundwa hapa tangu 1981, au kwa lile shimo lililofunguka ndani ya makumbusho ya gari hilo Februari 2014 likameza Corvette nane. Sisi wakazi tunaujua kwa watu wake. Wabosnia walikuja, Waburma wakaja, Wakongo wakaja, na sasa unaweza kugombana na mtu kwa Kiswahili kwenye foleni ya duka la vyakula. Mji wa namna hii ukionekana na watu wa ambulensi saa moja jioni, saa mbili kasoro mama mchunga kwaya anakuombea kwa jina.

Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Matombo, Morogoro. Nikasema huyu mama simpeleki kwenye yale mabafe ya Kichina yenye kuku wa rangi ya chungwa waliopakwa sukari, pembeni chipsi na keki. Simpeleki kwa Wathai pia, maana pale unaulizwa pilipili kuanzia moja hadi tano, na tano ya mpishi wa Kithai haina undugu na tano ya mteja. Nikaamua hotpoti. Siyo lile letu la kuwekea wali, hapana. Hili ni sufuria linalochemka katikati ya meza, mnapikia wenyewe, mnakula humohumo.

Sasa mnanijua. Mimi nikiwa na wageni siwezi kula kimya. Kabla hatujavua makoti nilikuwa nimeshaanza darasa. Na darasa lilikuwa sahihi, hilo hata shemeji hawezi kulikana.

Agizeni sufuria lenye ukuta katikati, nikawaambia. Upande mmoja mchuzi mwekundu, mwingine wa nyanya au uyoga. (Ndugu zangu Waislamu, ule mweupe kama maziwa mara nyingi ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kutwa, ulizeni kwanza.) Nyama ya ng'ombe inakuja imekatwa nyembamba, imeganda, imeviringishwa. Hiyo usiitumbukize ukaiacha. Ishike kwa vijiti, izamishe, hesabu sekunde 15, ikibadilika rangi toa. Kamba dakika mbili tatu mpaka wajikunje wawe wekundu. Vidonge vya samaki dakika tano, vikielea na kuvimba vimeiva. Viazi vitieni mapema kisha mvisahau. Mchicha nusu dakika tu, na mchicha usipikwe upande mwekundu, kwa sababu mafuta yenye pilipili yanaelea juu na majani yanayanywa yote. Watu wanaogopa nyama, kumbe anayeua ni mboga. Vijiti vya kushikia nyama mbichi viwe mbali na vya kutia mdomoni. Na kwenye meza ya vikolezo, chukueni mafuta ya ufuta na kitunguu saumu kilichopondwa, mchovye humo kila tonge. Mafuta yanapunguza makali kuliko maji, kwa sababu ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hauyeyuki.

Mama mkwe anaitikia kwa kichwa. Mke wangu anatazama dari, haya ameshayasikia. Shemeji yeye anaagiza kondoo. Bei ni moja kwa kichwa, kula ushindwe, lakini mna dakika 90 na mabaki mnalipia. Nilimwambia. Akaagiza sahani ya tatu.

Basi mchuzi mwekundu ukachemka. Juu yake, katikati ya pilipili kavu, vikaibuka vishada vya kijani. Punje ndogo ndogo, zimeshikana kwenye kikonyo, mbichi kabisa.

Wadau, mimi ni mtu wa Muheza. Amani kule juu nimekulia kwenye pilipili manga, iliki na mdalasini. Pilipili manga mbichi ikiwa bado kwenye kishada tulikuwa tunaitafuna njiani tukitoka shule. Kwa hiyo nilipoona kishada cha kijani nilijisikia niko nyumbani. Nikakinyanyua kwa vijiti, nikakiinua mama mkwe akione vizuri.

"Mama, unaiona hii? Pilipili manga. Mbichi. Wazungu hawajui kuitumia."

Mama mkwe akaitazama. Akafungua mdomo kusema kitu. Mimi, mwalimu, sikumpa nafasi. Nikapukutisha punje zote kwenye kijiko, nikaongeza kishada cha pili kwa heshima ya ukoo, kijiko kikajaa. Nikakitia mdomoni. Nikatafuna.

Hapa twende polepole.

Mwanzo ilikuja harufu ya ndimu. Safi kabisa, kama umekwangua ganda. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu, nikasema "mmh." Nikatafuna tena, maana hii haikuwa ladha ya Amani na nilitaka kujua imepotelea wapi.

Kisha mate yakaanza kujaa. Siyo mate ya hamu. Haya yalikuwa yanakuja kwa zamu yao, bila kuitwa.

Kisha mdomo wa chini ukaanza kutetema kama simu iliyowekwa mezani bila mlio. Nikaugusa kwa kidole. Kidole kikasikia mdomo. Mdomo haukusikia kidole.

Nikanywa maji. Maji yakawa na ladha ya chuma, na nusu yakarudi kwenye shati kwa sababu sikuwa najua midomo inaishia wapi. Mama mkwe akanisogezea karatasi ya kujifutia bila kusema neno, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, huku uji wa mate ukishuka kidevuni mbele ya mama aliyenipa binti yake.

Ulimi ukafuata. Nikajaribu kusema "niko sawa mama." Kilichotoka hakipo kwenye lugha yoyote ya Kibantu.

Sasa mjue kwamba mimi nina presha, na kwenye zahanati ninayokwenda kuna bango la kiharusi: uso, mikono, maneno. Nimelisoma mara nyingi nikisubiri kuitwa jina. Uso, siusikii. Maneno, mmesikia. Ikabaki mikono. Nikainyanyua yote miwili juu, nione kama mmoja utashuka.

Mhudumu akadhani namwita. Akaja mbio na birika, akatuongezea mchuzi mwekundu.

"Shitroki," nikamwambia, yaani "stroke," kiharusi kwa Kiingereza. Akasema karibu sana, akaenda zake.

Ndipo mke wangu akaacha kutazama dari. Shemeji akapiga 911, namba ya dharura, akiwa na kondoo kwenye vijiti, akaweka sauti ya wazi, na yule dada wa upande wa pili akataka nitabasamu. Nikatabasamu. Mgahawa mzima ukageuka. Familia ya meza ya jirani, ambayo ilikuwa ikiimbia keki ya mtoto, ikakatiza wimbo katikati. Akataka nirudie sentensi moja. Sentensi yenyewe sikuielewa kwa sababu ya kelele za sufuria, nikarudia tu sauti zake, na nadhani hapo ndipo nilipoufunga mjadala. Gari likatumwa. Na mimi mikono bado iko juu, kwa maana hakuna aliyeniambia niishushe.

(Nyie mnaotuma vikatuni vya sufuria na dripu, nawaona. Mungu pia anawaona.)

Walikuja wawili, mwanaume na dada mmoja mfupi. Wakapima presha, ilikuwa imepanda, nani isingempanda. Wakapima sukari, nzima. Tabasamu, pande zote mbili sawa. Finya vidole vyangu, nikafinya. Yule dada akaniuliza ganzi iko upande gani, kulia au kushoto. Nikaonyesha kwa kidole: kote. Mdomo mzima, kwa mzunguko.

Akanyamaza. Akatazama sahani yangu. Akaokota kikonyo kitupu, akakinusa.

"Amekula hizi ngapi?"

"Kijiko," shemeji akasema. "Kimejaa."

Yule dada akauma mdomo wake mwenyewe na kugeukia ukutani, mabega yakimcheza. Na hapo ndipo mama mkwe, ambaye Matombo ana shamba la pilipili manga, akaweka punje moja kwenye kiganja na kunionyesha. Ilikuwa imepasuka katikati, kipande huku na kipande huku, ndani tupu.

"Mwanangu," akasema kwa upole uliozidi kuniua, "pilipili manga haipasuki hivi. Nilitaka kukwambia."

Ile kitu inatoka Sichuan, Wachina wanaiita huajiao. Haina ukoo na pilipili manga wala pilipili kichaa, iko kwenye ukoo wa ndimu na machungwa, ndiyo maana ile harufu. Kinacholiwa ni ganda, mbegu yake nyeusi hutupwa kwa sababu inasagika kama mchanga. Na haiunguzi, inashtua neva za mguso. Watafiti wa London walipima mwaka 2013 wakakuta midomo inahisi mtetemo wa kama mara 50 kwa sekunde. Ile ya kijani ndiyo kali zaidi. Inatiwa kwenye mchuzi kwa ajili ya harufu, vishada unavisukuma pembeni kama karafuu za pilau. Marekani walipiga marufuku kuiingiza nchini tangu 1968, wakihofia ugonjwa wa michungwa, wakaja kuifungulia 2005. Miaka yote hiyo serikali ilikuwa inanilinda, sikujua.

Mengine ni mafupi. Ganzi iliisha kama baada ya robo saa, nikiwa bado natia saini karatasi ya kukataa kupelekwa hospitali. Yule dada akasema tulifanya vizuri kupiga, kiharusi cha kweli hakisubiri mtu amalize kula, kisha akaomba samahani akatoka nje, tukamsikia anacheka hadi kwenye gari. Mtoto wa meza ya jirani akaimbiwa upya tangu mwanzo. Dakika 90 zikawa zimekwisha.

Na bili ikaja. Sahani mbili za kondoo hazikuguswa, tukatozwa dola 20 za mabaki, nikalipa mimi, mgonjwa. Shemeji alikuwa nje kwenye maegesho ameshika simu karibu na mdomo, anarekodi. Shemeji, kama unasoma hapa, kabla hujatuma sehemu ya pili: dola 20 zangu za kondoo.