Tasbihi, kidonge na presha ya wazee wetu

Mama yangu mkubwa wa Mikindani, Mtwara, ana kipimo chake cha presha. Akiswali alfajiri, akakaa na tasbihi bila mtu kumsemesha, kichwa hakimgongi. Wajukuu wakianza asubuhi kugombania pesa za korosho, kinagonga. Wapwa zangu humcheka. Mimi sicheki, ila juzi nilimkuta na pakiti ya amlodipini, dawa yake ya presha, haijaguswa. Nikamuuliza. "Mwanangu, siumwi, ninywe dawa ya nini?"

Siku hizi watu wanasifia sana kutafakari: kukaa kimya, kufuata pumzi, kurudia neno moja. (Wapo wanaokuita tahajudi, lakini ukimwambia mzee wa Kimakonde Mwislamu afanye tahajudi kwa ajili ya presha, ataamka usiku kuswali.) Na sifa hizo si za bure. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudia mantra ya Kibudha, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa. Pumzi zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mfumo wa mwili unaorekebisha msukumo wa damu ukafanya kazi vizuri zaidi. Yaani kile wanachokifanya bibi wa Ndanda na rozari yake, na bibi wa Mikindani na tasbihi yake, kinafika hadi kwenye mishipa.

Kwa wazee wenye presha hasa, kuna utafiti wa Oakland, Marekani, uliochapishwa 1995. Wazee Wamarekani Weusi waliotafakari kwa miezi mitatu walishuka namba ya juu ya presha kwa karibu 11 na ya chini kwa karibu 6, wakilinganishwa na waliopewa elimu ya mtindo wa maisha tu. Kushuka 11 si mchezo. Kuna vidonge ambavyo havifiki hapo.

Ila miezi mitatu ni michache kwa ugonjwa wa maisha. Tena, anayetafakari anajua kwamba anatafakari, huwezi kumpa tafakuri ya uongo kama unavyompa mtu kidonge cha unga mtupu. Ndiyo maana Chama cha Moyo cha Marekani, kilipoupitia ushahidi mwaka 2017, kilisema huenda kutafakari kukasaidia, lakini kama nyongeza ya matibabu yaliyozoeleka.

Kwa mzee kuna jambo jingine. Mishipa yake mikubwa imekakamaa kwa umri, ndiyo maana mara nyingi namba ya juu hupanda peke yake. Utulivu hulegeza mishipa iliyobanwa na hofu na mawazo. Mishipa iliyokakamaa kwa miaka 70 hailegezi. Na kichwa kutogonga si ushahidi wa chochote. Presha hukaa kimya hadi siku ya kiharusi.

Sababu ya mambo haya kupendwa huku kwetu naijua, na haina uhusiano na Italia. Sera ya wazee ya Tanzania ya 2003 ilisema mzee wa miaka 60 asiye na uwezo atibiwe bure, lakini akifika dirishani anaweza kuambiwa dawa zimeisha, akanunue. Tasbihi haiishi. Kumsifia utulivu mzee aliyerudi mikono mitupu, bila kumtafutia dawa, naona ni kumliwaza tu.

Kwa hiyo tumepatana hivi na mama mkubwa. Tasbihi kwanza, kidonge na uji baadaye. Mjukuu anampima asubuhi na jioni akiwa ameketi dakika tano bila kuongea, anaandika kwenye daftari, na daftari linakwenda kliniki. Namba zikishuka sana, au akisimama akaona kizunguzungu, daktari ndiye atakayepunguza dozi, si yeye.

Kuhusu ng'onda na chumvi yake, bado tunajadiliana.