Acheni TFC zetu zitoke kabatini

Mwambie manseba yeyote, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, wa Lubumbashi, mji wetu wa Kongo, akupeleke Kenya. Hatakuuliza pasipoti, atakuuliza utamlipa ngapi. Kenya kwetu ni komini, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake, ina soko lake na uwanja wake wa mpira, na kuna watu waliozaliwa humo wakazeeka humo bila kuiwazia Nairobi hata siku moja. Jina Lubumbashi nalo linabeba vitu vitatu: mto, komini na mji mzima. Sisi hatupotei, kwa sababu tunajua anayesema amesimama wapi. Kompyuta haina habari hiyo, nami nataka TFC zetu, yaani kazi za utafiti ambazo wanafunzi wetu wanaandika wakimaliza masomo, ziisaidie kuipata.

Watafiti wa kompyuta wanapambana na tatizo hili tangu zamani. Mwaka 2005, huko Karlsruhe nchini Ujerumani, Denny Vrandečić, Markus Krötzsch na wenzao walianza kutengeneza Semantic MediaWiki, programu ya kuwawezesha watu wengi kuandika pamoja kurasa ambazo mashine nayo inaweza kuzisoma na kuzitumia kujibu maswali. Mawazo hayo ndiyo yaliyozaa Wikidata, ghala la data la mtandaoni linalojazwa na watu wa kujitolea, iliyofunguliwa Oktoba 2012. Humo kila kitu kinapewa namba. Nchi ya Kenya ni Q114. Komini ya Kenya ni kitu kingine cha namba nyingine, ugomvi umekwisha. Chini ya namba hiyo watu wanaandika kauli fupifupi: kitu fulani, sifa fulani, jibu fulani. Kauli inaweza kuongezewa tarehe ya kuanza na ya kwisha, na inatakiwa ionyeshe imetoka wapi.

Mji wetu unahitaji sana tarehe hizo. Ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, ukawa Lubumbashi 1966. Jimbo lake liliitwa Katanga, kisha Shaba wakati wa Mobutu, kisha Katanga tena 1997, na tangu majimbo yalipogawanywa 2015 tuko Haut-Katanga. Ukiyamwaga hayo yote katika makala ndefu, msomaji mwenye subira atayapata. Ukiyaandika kama kauli zenye miaka, mtu anaweza kuuliza: ni miji gani ya Kongo iliyobadilishwa jina 1966? Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi zitatoka pamoja, hata kama waliozijaza hawajawahi kuonana.

Lakini kilichonivuta mimi ni jambo jingine. Walioipanga Wikidata walikubali tangu mwanzo kwamba haitajifanya hakimu wa ukweli. Inaweka madai, na inaonyesha nani aliyeyatoa. Kauli mbili zinazopingana zinaruhusiwa kukaa ukurasa mmoja, kila moja na chanzo chake. Mtu wa nchi yenye takwimu nzuri anaweza kuona huo ni uvivu. Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Kuanzia hapo kila namba ya wakaaji wa Lubumbashi ni kadirio, na kila ofisi ina lake. Vitabu vinakulazimisha uchague moja, na baada ya kunakiliwa mara kadhaa hakuna anayekumbuka kwamba lilikuwa kadirio. Heri mfumo unaoniwekea makadirio yote mezani, na mwaka wa kila moja, nijue ninabishana na nani.

Shida iko kwenye chanzo. Tunayoyajua kuhusu komini zetu za Katuba, Kamalondo au Ruashi, mengi yako vinywani. Nani alifungua shule ile, soko lilihamishwa mwaka gani, barabara ile iliitwaje kabla ya jina la sasa: muulize mzee wa kartye, yaani wa mtaa, atakueleza mpaka jua lizame. Ukija kuiandika kauli, unaulizwa umeipata wapi, unabaki umeshika kalamu. Wengine wanasema sharti hilo ni ubaguzi dhidi ya watu wa masimulizi. Sikubaliani nao, au nakubaliana nusu. Bila chanzo, dai la mzee na dai la mtu aliyelewa yanakuwa sawa, na atakayeumia kwanza ni mzee.

Tena si kweli kwamba mji huu hauna mazoea ya kuandika pamoja. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliowahi kuwa maboyi katika nyumba za Wazungu, alikusanya historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chetu hichi hichi cha huku, na maandishi yakapigwa taipu. Robo karne baadaye, 1990, mwanaanthropolojia Johannes Fabian akayachapisha pamoja na tafsiri na maelezo. Leo mtafiti yeyote duniani anaweza kuyanukuu. Maneno ya maboyi yamekuwa chanzo, na yangeoza kama karatasi zile zingebaki kwenye sanduku la mtu. Pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi nako, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wamekusanya kwa miaka kumbukumbu za wakaaji na za wafanyakazi wa migodi.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Vyuo vyetu vimejaa TFC na memwari, yaani tasnifu. Kila mwaka wanafunzi wanaenda kartye kwa kartye, wanahesabu visima, wanauliza bei sokoni, wanachimbua tarehe za kuanzishwa kwa parokia na shule, wanachapisha nakala chache kwa pesa za kukopa, wanatetea kazi mbele ya maprofesa, wanapigiwa makofi. Kisha kazi inaingia kabatini na panya wanaendelea na masomo. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaanza upya, kartye ile ile, maswali yale yale, kwa sababu hakujua. Huu ni upotevu mkubwa kuliko ukosefu wa mega za intaneti tunaoulalamikia kila siku.

Naomba mambo mawili. La kwanza, kila TFC ipewe namba yake Wikidata: mwandishi, mwaka, kitivo, mahali palipochunguzwa. Hiyo peke yake ingeonyesha nani ameshafanya nini katika komini ya Kampemba. La pili, mwanafunzi aweke mwishoni mwa kazi ukurasa wa kauli: ishirini, thelathini, zenye ukurasa zilikotoka. Kauli ni habari tupu, na kuiandika si kumnyang'anya mtu kitabu chake. TP moja ya kompyuta, yaani kipindi kimoja cha mazoezi, ingetosha kuziingiza.

Kuna ambayo hayafai kuingia kabisa: majina ya wachimbaji wadogo waliohojiwa, mapato ya familia, nyumba ya nani iko wapi. Kitu kikiingia kule kinanakiliwa kabla hujajuta. Wenzetu wa Goma, mashariki mwa nchi, baada ya miaka hii ya vita na kuhama, hawahitaji mtu awafundishe hilo.

Utaniambia makampuni makubwa yatachukua jasho letu bure, maana Wikidata imeachia data zake zote bila sharti hata la kutajwa. Ni kweli, yanachukua, nami hainifurahishi. Ila nakumbuka Freebase, ghala la namna hiyo hiyo lililojazwa na watu wa kujitolea. Google ilimnunua mwenye ghala 2010, na 2016 ikalifunga. Kilichobaki mikononi mwa watu wa kuendelea kukisahihisha ni kile walichokihamishia Wikidata. Kati ya kuchukuliwa na kufungiwa, nachagua kuchukuliwa.

Kinachonitia shaka ni alama. Asistenti wetu, mwalimu msaidizi wa chuo, anapandishwa cheo kwa makala alizochapisha, wala hakuna aliyewahi kupandishwa kwa kusahihisha kauli mia tatu za wanafunzi kuhusu masoko ya Lubumbashi. Mkuu wa kitivo asipoiweka kazi hiyo kwenye hesabu ya mwaka, itafanywa na vijana wawili wenye moyo mpaka siku watakapopata ajira kwenye migodi ya Kolwezi.