Shule ya kimataifa: mzazi asiyehama ananunua nini?

Ukiwa kwenye daladala kutoka Mwenge kwenda Tegeta utachoka kuhesabu mageti yaliyoandikwa "International". Nyingi ya shule hizo ni za mchepuo wa Kiingereza tu: mtaala ni wa Tanzania, mitihani ni ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, basi ni la njano, na mtoto atafanya mtihani wa kumaliza msingi kama mwenzake wa Saint Kayumba, yaani shule ya serikali. Sina ugomvi nazo, ila hizo tuziweke pembeni.

Ninazozungumzia ni zile zenye mtaala wa nje: IB (International Baccalaureate) au Cambridge ya Uingereza. International School of Tanganyika (IST) ilianza Dar es Salaam mwaka 1963. Moshi ilifunguliwa shule ya namna hiyo mwaka 1969, ikihusiana kwa karibu na hospitali ya KCMC, na leo inaitwa UWC East Africa. Wateja wa miaka hiyo walikuwa watoto wa mabalozi, wa madaktari wa kigeni na wa wataalamu wa miradi: mwaka huu yupo Dar, mwaka kesho baba kahamishiwa nchi nyingine. IB yenyewe ilianzishwa Geneva mwaka 1968 kwa shida hiyohiyo. Mtoto alihitaji cheti kinachosafiri.

Siku hizi kwenye madarasa hayo wamo pia watoto wa mawakili wa Kitanzania na wafanyabiashara wa Kariakoo, watu ambao hawana mpango wa kuhamia popote. Bidhaa iliyotengenezwa kwa msafiri inanunuliwa na mwenyeji.

Kwa shule ya msingi, naona mwenyeji hapunjwi. Katika programu ya IB ya watoto wadogo, somo hujengwa kwenye maswali. Mwaka wa mwisho watoto huchagua jambo, tuseme taka za plastiki kwenye Mto Msimbazi, wakalichunguza kwa wiki kadhaa, wakahoji watu, kisha wakasimama mbele ya wazazi na kulieleza. Mtu atasema mtaala wetu nao unahubiri umahiri, na ni kweli, tena kwa miaka mingi. Tofauti ipo kwenye idadi ya vichwa. Kiwango chetu rasmi cha shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi yanavuka hapo kwa mbali. Mwalimu wa namna hiyo, hata awe hodari vipi, hana nafasi ya kumuuliza kila mtoto "kwa nini unafikiri hivyo?" na kusubiri jibu. Ada ile kubwa, ukiichambua, inanunua hiyo nafasi ya kusubiri. Bwawa la kuogelea ni nyongeza.

Sekondari ndiko hesabu inakokuwa ngumu. Diploma ya IB ina masomo sita, kila moja alama 7, na alama 3 za ziada zinazofanya jumla iwe 45. Kuna insha ya utafiti ya hadi maneno 4,000, kuna somo la kuhoji tunajuaje tunachokijua, na kuna kazi za kujitolea. Kijana wetu wa kidato cha tano akishaingia PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) ameagana na fasihi akiwa na miaka 17 hivi; wa IB anaendelea kubeba hesabu, lugha na sayansi kwa pamoja. Kwa kumjenga mtu, IB inashinda. Hilo silibishii.

Lakini tuseme kijana huyo anataka udaktari, na anataka kusoma Muhimbili. Huko wanataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Kwa kawaida mwanafunzi wa IB huchukua sayansi mbili. Tatu ni kwa ruhusa maalumu, inayoombwa mapema. Kutoka kampasi ya msingi ya IST pale Upanga hadi Muhimbili ni mwendo mfupi. Kwa njia ya cheti ni mbali zaidi, kwa sababu kabla ya yote NECTA lazima ilinganishe matokeo hayo na yetu. Wa Cambridge ana nafuu kidogo, maana A-Level inafanana na kidato cha sita, ila naye atapita dirisha hilohilo la ulinganifu.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi hawapendi kulitaja: biashara ikiyumba je? Ada ni makumi ya mamilioni kwa mwaka, na kwa miaka mingi zilitajwa kwa dola, hadi kanuni za Machi 2025 zilipokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Kubadili sarafu hakukupunguza uzito. Na kumshusha mtoto katikati ya safari si kazi ya wiki moja. Mwaka wao unaanza Agosti, wetu Januari. Wenzake wa kidato cha pili wameshafanya upimaji wa kitaifa. Yeye Historia ya Tanzania na Maadili hajawahi kuisoma.

Kwa hiyo mimi, kama pesa ingekuwepo, ningelipia msingi bila kusita sana. Sekondari ningelipia tu kama nina uhakika wa chuo cha nje, na uhakika huo uwe na akaunti ya benki nyuma yake.

Hata kwa msingi ningekuwa na sharti moja. Cambridge ina mtihani wa Kiswahili katika IGCSE, cheti chake kinacholingana na kidato cha nne, na IB inamruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya Kiswahili kama lugha yake ya kwanza. Mlango upo, ila shule nyingi huufungua nusu: vipindi viwili kwa wiki, kama wanavyofundishwa wageni. Nimemwona mtoto wa miaka tisa akipelekwa kwa bibi yake Tanga wakati wa likizo. Akaambiwa amsalimie. Akasema "Hai, bibi," kwa adabu zote alizofundishwa. Bibi akajibu "Marahaba" hivyohivyo, kisha akamgeukia mama yake na kumuuliza ni kiasi gani wanalipa.