Kilindini Iliyopotea Kwenye Jedwali

Chukua tarakimu tatu. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 665,018 Mombasa. Katika majedwali ya 2009, mstari ulioandikwa "Mombasa" una watu 523,183. Mwaka 2019 ni 1,208,333. Ukizipanga hivyo kwenye grafu, mji huu ulipoteza zaidi ya watu laki moja na arobaini elfu katika miaka kumi, kisha wakarudi na jamaa zao wote katika kumi iliyofuata.

Hakuna aliyehama. Mwaka 2009 Serikali ilikuwa bado inagawa wilaya kama mkate wa sinia, na Wilaya ya Mombasa ilikuwa imekatwa mbili. Kipande cha pili kiliitwa Kilindini, na kilikuwa na watu 416,187. Ukivirudisha pamoja unapata 939,370, na grafu inapanda vizuri bila mshangao. Mwaka mmoja baadaye Katiba mpya ikaleta kaunti, jina la Wilaya ya Kilindini likafifia, na leo kijana aliyezaliwa mwaka wa sensa hiyo ukimtajia Kilindini atakuelekeza bandarini.

Sasa tazama ni nani walioishi katika kipande hicho: Changamwe, Jomvu na Likoni. Yaani kuli na vibarua wa bandari, madereva wa malori, mafundi wa kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho wakati huo kilikuwa bado kinafanya kazi, wasichana wa viwanda vya nguo vya kuuza nje, na wote wanaoamka saa kumi kuwahi feri. Mtafiti wa ajira anayesahau kuongeza Kilindini hapotezi nusu yoyote tu ya mji. Anapoteza nusu inayobeba mizigo, kisha anaandika kwamba Mombasa ni mji wa maduka na hoteli. Kosa hili linazuiwa na sentensi moja katika maelezo ya data: "Kwa mwaka 2009, jumlisha Mombasa na Kilindini." Sentensi hiyo ndiyo inayobishaniwa hapa.

Ubishi wenyewe ni huu. Kaunti sita za Pwani zinahitaji kujua watu wake wanafanya kazi gani, wapi, na nani hana. Upande mmoja unasema tuzipange upya data za sensa zilizopita, zile za mtu mmoja mmoja ambazo wataalamu huziita maikrodata. Humo kila mtu ana mstari wake: umri, jinsia, elimu, alikozaliwa, alichokuwa akifanya, bila jina lake. Tuzipange, tuoanishe misimbo, yaani namba zinazosimama badala ya majibu, na mipaka ya mwaka mmoja na mwingine, tuandike maelezo kamili. Upande wa pili unasema huo ni udaku wa maktaba. Fedha ziende kwenye utafiti mpya wa nguvukazi.

Rafiki yangu mmoja anayefundisha takwimu hapa mjini yuko upande wa pili, na si mtu wa kupuuzwa. Kwake sensa ni picha ya harusi: nzuri, watu wote wamo, lakini nusu yao wameshaachana. Sensa ya 2019 ilipigwa kabla ya korona kufunga hoteli za Bamburi na Diani, kabla ya machimbo ya titani ya Kwale kusimama mwishoni mwa 2024. Tena, anasema, sensa inajua machache mno kuhusu kazi. Dodoso la 2009 liliuliza mwajiri mkuu wa mtu ni nani: serikali, shirika la umma, sekta binafsi, jua kali na kadhalika. Mhudumu wa hoteli ya Nyali na karani wa kampuni ya kupakua makasha wakaingia kapu moja. Na sensa inakuhesabu ulikolala. Mtwapa wanalala upande wa Kilifi, asubuhi wanamiminika Nyali na kisiwani. Kwenye jedwali wao ni watu wa Kilifi, na kazi zao zinasomeka kama kazi za Kilifi.

Yote kweli. La Mtwapa hata silipingi, linanisumbua mimi mwenyewe. Lakini rafiki yangu huwa anaruka hesabu moja, na kwa mwalimu wa hesabu hilo ni jambo la kushangaza.

Tuseme utafiti mpya umefikia kaya 20,000 nchi nzima, kazi kubwa na ya gharama. Zigawe sawasawa kwa kaunti 47: Mombasa inapata kaya kama 425. Zigawe tena kwa kaunti ndogo sita, na Likoni inabaki na kaya kama 70. Humo tafuta wasichana wa miaka 15 hadi 24 wasio shuleni wala kazini. Utawapata wangapi, ishirini? Nani atasimama mbele ya bunge la kaunti na asilimia iliyotoka kwa watu ishirini? Sasa rudi kwenye sensa. Eneo la Likoni mwaka 2009 lilikuwa na watu 166,008. Sampuli ya asilimia 10 ya sensa hiyo, ambayo watafiti wanaweza kuiomba, inakupa mistari kama 16,600 ya Likoni peke yake. Humo unaweza kutenganisha msichana aliyezaliwa Likoni na aliyetoka Kwale kutafuta kazi, aliyemaliza darasa la nane na aliyemaliza kidato cha nne, na bado ukabaki na mamia katika kila fungu. Utafiti mpya unakwambia jana nchi ilikuwaje. Likoni hauioni.

Kwa hiyo hatuna budi kuzitumia hizo za zamani. Swali ni kama tutazitumia tukiwa macho au tumefumba.

Agosti 2019 nilikuwa kwa shangazi yangu Kisauni karani wa sensa alipobisha hodi na kishikwambi chake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuhesabu bila makaratasi. Kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Vuta kiti hicho."

Wakaenda vizuri, majina, umri, choo, maji, hadi akafika: "Zile siku saba kabla ya usiku wa sensa, hasa ulikuwa ukifanya nini?"

"Mimi? Nifanye nini mie na miguu hii. Nipo tu nyumbani."

Mbele ya mlango palikuwa na beseni la unga uliokandwa kwa tui la nazi, limefunikwa leso, unasubiri kuumuka. Harufu ya hiliki ilikuwa imejaa uani. Shangazi huamka saa tisa za usiku kuchoma mahamri, na kabla ya alfajiri kuisha huwa yameshafika kwenye maduka matatu ya mtaa. Mbaazi anauza mwenyewe pale kibarazani. Amesomesha watoto wawili kwa beseni hilo. Kijana alilitazama beseni, akatazama kioo, akabonyeza. Hakuuliza zaidi. Mama wa nyumbani.

Simlaumu. Labda nyumba ya pili alikutana na mama kama huyu, akauliza, "Na haya mahamri ni ya nani?" na mama huyo akaingia safu ya wanaofanya biashara yao wenyewe. Lakini fikiria sasa mtafiti aliyeko mbali na Kisauni, anayeona tu kwamba wanawake wengi wa Mombasa hawafanyi kazi. Ili ajue tarakimu hiyo ina uzito gani, anahitaji vitu vitatu: swali kwa maneno yake kamili, orodha ya majibu jinsi ilivyokuwa kwenye kishikwambi, na mwongozo wa makarani uliosema mama wa aina hii aulizweje na awekwe wapi. Na ikiwa mwongozo wa mwaka mmoja uliwahimiza makarani wadodose na wa mwaka mwingine ukanyamaza, ajira za wanawake zitapanda au kushuka kwenye grafu bila hamri moja kuongezeka wala kupungua. Kisha itaandikwa sera. Nimeliwaza sana hili beseni, pengine kupita kiasi.

Wavuvi nao wana mkasa wao. Tangu 1979 usiku wa sensa Kenya umekuwa ni ule wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Mtu wa Pwani hahitaji kuambiwa kwamba hapo kusi bado inavuma, bahari imechafuka, na mwenye ngalawa au mtumbwi mdogo wa Gazi au Vanga anaweza kumaliza wiki nzima ameketi anashona nyavu. Muulize alifanya nini siku saba zilizopita na atakwambia ukweli: hakwenda baharini. Ungemuuliza Januari, wakati wa kaskazi, ungepata jibu jingine. Data haidanganyi hapo, ila haijui upepo, na asiyetoka pwani hana pa kuujulia isipokuwa anayeujua amwandikie kwenye maelezo.

La wakulima nitalitaja upesi ingawa ni zito. Mwaka 2013 Mkutano wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, kule Geneva, ulibadilisha maana ya ajira: anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani anafanya kazi, ila hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Mama wa Ganze anayelima mahindi ya kula, kwenye sensa ya 2009 alikuwa na jibu lake, shamba la familia, na alisomeka miongoni mwa wanaofanya kazi. Weka sensa hiyo kando ya ripoti inayofuata maana mpya, bila maelezo, na utaona maelfu ya watu wa Kilifi na Kwale wamepoteza ajira huku wameshika majembe.

Ipo hofu nyingine, nayo rafiki yangu huishika kwa mikono miwili: siri za watu. Majina yameondolewa, ndiyo. Lakini ukiwa na mstari unaosema mwanamume wa miaka 71, fundi wa majahazi, wake wawili, watoto sita, katika kijiji kimoja cha Lamu, jina la nini tena? Jirani yake atamtambua kabla hujamaliza kusoma. Ndiyo maana kuna Sheria ya Takwimu ya 2006 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ndiyo maana hazina ya kimataifa ya IPUMS iliyoko Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, inayohifadhi sampuli za sensa za Kenya, kwa kawaida haitaji eneo lenye watu wasiofika 20,000. Mpangaji wa kaunti anayetaka tarakimu za wadi moja ataumia hapo, na aumie tu. Fundi wa majahazi ana haki zaidi. Lakini hofu hii inahusu data, haihusu maelezo yake. Mwongozo wa makarani hauna siri ya mtu. Orodha ya misimbo haina mke wala mtoto. Hivyo vingeweza kubandikwa ukutani Marikiti na hakuna ambaye angedhurika.

Linaloniuma ni kwamba ili nijue swali aliloulizwa shangazi yangu Kisauni, mara nyingi njia fupi zaidi inapitia Minnesota. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lina hazina yake ya data kwenye intaneti na limefanya kazi ya maana. Nasemea tabia yetu kwa jumla: fedha za kuhesabu huwa zipo, zenye fulana na kofia, na fedha za kuandika tulihesabu vipi huisha pamoja na chai ya semina. Rafiki yangu akiniambia utafiti mpya ndio dawa, namuuliza nani ataandika maelezo ya huo mpya. Hapo huagiza kahawa ya pili.

Sisemi utafiti mpya usifanywe. Hoteli zimefungwa na kufunguliwa tangu 2019, reli imechukua makasha barabarani tangu 2018 na madereva wa Changamwe na Miritini wanajua walichopoteza. Sensa haitatwambia yaliyotokea mwezi uliopita. Ningetaka tu utafiti huo utumie maswali na misimbo inayoweza kuunganishwa na sensa, na kabla haujaanza, watu wawili watatu wapewe miezi sita na meza waandike historia ya data tulizonazo: mipaka ilivyohama, maneno yalivyobadilika, nini kilijazwa ofisini pale palipoachwa wazi. Mishahara ya watu watatu kwa miezi sita. Sensa ijayo inatarajiwa 2029, na makarani wa 1989 wanaanza kustaafu.

Mmoja wao ana duka Majengo. Nilimuuliza alivyokuwa akiwaandika vibarua wa bandari, wale wanaopanga foleni kila asubuhi na wiki nyingine wasiitwe hata siku moja. Akafikiri huku anapima mchele. "Mimi kama alikuwa foleni na hakuitwa, niliandika anatafuta kazi. Mwenzangu wa mtaa wa pili aliandika anafanya kazi, alisema yule ni mtu wa bandari, sote twamjua." Nikamwomba aniandikie hilo. Akachana kipande cha katoni ya sabuni, akaandika mistari minne, akakosea mwaka, akakata, akaandika tena, kisha akauliza kama aweke na sahihi.