Gia za kamu za kurekebisha: mimi nasema anza upande wa moshi

Toyota Mark II ya rafiki yangu ilifika uani kwangu Nkuhungu ikiwa na gia mbili za buluu kwenye kamshafti (vyuma vinavyozunguka na kufungua valvu za injini), tabo (turbo) moja kubwa mahali pa zile mbili ndogo za kiwandani, na uzito ambao haikuwa nao zamani. Ni JZX90, injini ya 1JZ-GTE, lita 2.5. "Kaka, nimeongeza kila kitu, lakini gari limekufa chini," aliniambia. "Mpaka sindano ya mizunguko ikaribie elfu nne ndiyo linaamka." Gia zile alifungiwa na fundi aliyezigeuza nyuzi (digrii) mbili kila upande kwa sababu aliwahi kuona hivyo kwenye gari lingine. Hakuna kilichopimwa.

Swali la kama gia hizi zina maana kwenye injini ya tabo iliyofanyiwa marekebisho naulizwa mara nyingi, na jibu langu limebadilika kadiri nilivyozidi kuzishika. Zina maana. Ila faida yake iko karibu yote upande wa moshi, yaani kamshafti ya valvu za kutolea moshi, nayo haipatikani bila kupima. Upande wa hewa, ule wa valvu za kuingizia hewa, hasa kwa sisi tunaoendesha huku Dodoma, nashauri usiguswe isipokuwa kwa kuirudisha kamshafti mahali pake.

Gia yenyewe ni kitu rahisi. Ina kitovu kinachofungwa kwenye kamshafti na duara la nje lenye meno ya kushika mkanda wa taimingi. Vipande hivyo viwili hushikwa pamoja na boliti zinazopita kwenye matundu marefu, kwa hiyo ukizilegeza unaweza kuiwahisha kamshafti au kuichelewesha bila kuhamisha mkanda jino zima. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: kamshafti huzunguka mara moja kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ikizunguka mara mbili. Unyuzi mmoja unaousoma kwenye gia ni nyuzi mbili za kranki. Rafiki yangu alikuwa amechelewesha valvu za hewa nyuzi mbili na kuwahisha za moshi nyuzi mbili. Machoni ni kamstari kadogo, lakini ule muda ambao valvu zote ziko wazi kwa pamoja ulikuwa umepungua nyuzi nane za kranki.

Muda huo ndio moyo wa mjadala wote. Kwenye injini isiyo na tabo, moshi unaotoka kwa kasi huvuta hewa mpya nyuma yake, na valvu zikiwa wazi pamoja kwa muda silinda husafishika. Kwenye tabo ndogo ya kiwandani mambo hugeuka. Tabo inabana njia ya moshi, na ukipandisha busti (msukumo wa hewa wa tabo), shinikizo kwenye manifoldi ya moshi linaweza kulizidi lile la hewa inayoingia. Valvu zikiwa wazi pamoja wakati huo, moshi hurudi ndani, unachukua nafasi ya hewa safi, unapandisha joto, na injini inasogea karibu na kugonga, yaani petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda. Kupunguza muda huo kunasaidia. Ukifunga tabo kubwa na eksozi pana, tofauti ya shinikizo hupungua, pengine inageuka kabisa, na hapo muda uleule unaweza kukuongezea nguvu juu. Ndiyo maana namba ya gari la mwenzako si namba yako, hata kama injini zina jina moja.

Lakini kuwahisha kamshafti ya moshi kuna zawadi nyingine ambayo naona haisemwi vya kutosha. Valvu ya moshi ikifunguka mapema kidogo, gesi hutoka silinda ikiwa bado na joto na msukumo mwingi, na msukumo huo unaenda moja kwa moja kwenye feni ya tabo. Unapoteza kidogo kwenye pistoni, ila tabo inaamka mapema. Kwa mtu aliyefunga tabo kubwa na anayeendesha kati ya mjini na Mtumba kila siku, hiyo ndiyo nguvu atakayoitumia.

Sasa kuhusu Dodoma. Tupo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani. Gari lililosetiwa Dar es Salaam likipanda huku, kabla tabo haijaanza kusukuma tayari limepoteza pumzi. Tabo nayo inafanya kazi zaidi: ili geji isome bar 1, pwani inaikandamiza hewa mara mbili hivi, huku kwetu ni mara 2.1 na ushee. Ukichelewesha valvu za hewa juu ya upungufu huo, zinafunga pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, na kwenye mizunguko ya chini sehemu ya hewa inarudi ilikotoka. 1JZ hii ina mgandamizo wa 8.5 kwa 1 tu. Haina akiba ya kuchezea. Kufa kwa gari chini alikolalamikia rafiki yangu kulianzia hapo.

Tulitumia Jumamosi nzima. Kwanza tulirudisha gia za kiwandani, tukafunga duara la nyuzi mbele ya kranki na kipimo cha sindano juu ya kamshafti, tukaandika valvu zinafika kilele wapi. Kisha tukarudisha zile za buluu zikiwa kwenye alama ya sifuri. Sifuri yake haikuwa sifuri. Upande wa hewa ulikuwa umechelewa nyuzi tatu za kranki hata kabla ya mtu kugusa boliti. Nilisikitika sana, kwa sababu mtu amelipa pesa yake akiamini mstari uliochorwa kwenye chuma.

Hedi (kichwa cha injini) ya gari lile pia iliwahi kusawazishwa kwenye mashine baada ya injini kuchemka, na hili nalitaja kwa kuwa magari mengi ya kwetu yamepitia huko. Hedi ikichongwa, kamshafti zinasogea karibu na kranki na taimingi inachelewa. Piga hesabu: gia yenye kipenyo cha sentimita 12 ina mzingo wa milimita 377 hivi. Ukichonga nusu milimita umepoteza karibu nusu unyuzi kwenye kamshafti, yaani unyuzi mmoja wa kranki. Ni kidogo. Peke yake haitoshi kukufanya ununue gia, lakini kama unazo tayari, sahihisha.

Tuliirudisha ya hewa mahali pake, tukaiwahisha ya moshi nyuzi mbili za gia kutoka sifuri tuliyoipima sisi. Barabara ya Iringa, gia ya tatu ya giaboksi, mguu chini kutoka mizunguko 2,500 kwa dakika: busti ya bar 0.8 iliyokuwa inafika karibu na 3,900 sasa inafika kwenye 3,500. Hatukugusa kitu kingine siku hiyo.

Kabla ya kugeuza, jua cheche zako zinachukua taarifa wapi. Kwenye injini ambayo distribyuta au sensa inasukumwa na kamshafti unayoigeuza, ukihamisha gia umehamisha na cheche, na lazima uziseti upya kwa taa ya taimingi. Mwenye 1JZ ya kuanzia 1996 yenye VVT-i asihangaike na upande wa hewa, kompyuta inaugeuza yenyewe. Gia ya moshi inamtosha. Na mwenye Subaru ya kamshafti nne afikirie mara mbili, maana kazi ya kupima ni mara mbili, na valvu za injini hizo hazisamehe kosa.

Kuna jambo linaloniumiza kila ninapoliona. Watu wanafunga gia hizi za rangi kisha wanaacha kifuniko cha mkanda nje ili zionekane. Dodoma hii, yenye vumbi la Juni hadi Novemba! Mchanga unaingia kati ya mkanda na meno, unasaga mpira, na mkanda ukikatika valvu zinaweza kukutana na pistoni. Rudisha kifuniko, nakuomba. Boliti za gia nazo ni ndogo; zitie gundi ya nati, zikaze kwa spana ya kupimia mkazo, na uzikague tena baada ya wiki moja ya kuendesha.

Kama bado hujaweka rejeta nzuri, pampu ya petroli inayotosha na kipimo cha kukuonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli, acha gia dukani kwanza. Hivyo vitatu vinalinda injini. Nyuzi mbili za kamshafti haziwezi kuiokoa silinda iliyokosa petroli kwenye mlima.

Mark II sasa ina kifuniko chake. Ndani yake tumeandika kwa rangi nyeupe sifuri halisi ya kila gia, namba tulizoziacha na tarehe, ili fundi atakayekifungua siku ya kubadilisha mkanda asianze kubahatisha.